Kuhusu Mafunzo Uliyoalikwa Chuoni

Kwa Mhadhiri Neema, mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo, nasi sote hapa Ujiji tu wazima. Madhumuni ya barua hii ni kujibu swali lako: je, mhadhiri mzoefu akubali kufundishwa mbinu za kufundisha na mwenzake aliye mdogo kwake?

Ujanani, nikiwaandikia watu barua za maombi, alinijia mama mmoja asiyejua kusoma. Kabla hajaweka dole gumba kama sahihi, nilimsomea kwa majivuno barua niliyomwandikia. Akasema, "Mwanangu, maneno matamu kweli. Sasa hapo nimeomba nini?" Tulicheka sana. Akanielekeza, nikaandika mistari minne, naye akapewa uwanja wa kuanikia dagaa. Tangu siku hiyo niliifurahia kazi yangu maradufu.

Naomba uamuzi wako: utahudhuria mafunzo hayo?

Babu yako