Mama Mkwe Amekataa Chanjo kwa Sababu ya Sauti Yangu

Mpendwa Mama Mutanu, mshauri wetu wa gazetini,

Naomba msaada, na naomba usianze kunigombeza kabla hujafika mwisho wa barua, maana mke wangu Yvette ananigombeza tangu Jumapili na sidhani kama kuna neno lililobaki. Mimi ni Mkongo wa Butembo, nakaa Merrylands, hapa Sydney, nafanya kazi kwenye bohari moja huko Villawood, na kanisani mimi ndiye mtafsiri, yaani akija mhubiri Mzungu nasimama kando yake, yeye anasema kwa Kiingereza na mimi kwa Kiswahili, akipaza sauti nami napaza, akilia nami nalia, akisema "mimi" nami nasema "mimi", ndivyo kazi ilivyo, mtafsiri haongezi wala hapunguzi. Basi tangu serikali ilipotufungia majumbani kwa ajili ya korona mwezi wa sita kanisa limekuwa la kwenye simu, wahubiri wageni hawaji tena, sauti yangu ikakaa bila kazi, na hilo liliniuma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Ndipo nikaanza kumsikiliza Desmond Croyle. Kama humjui, ni yule mtangazaji wa asubuhi anayepiga kelele redioni saa tatu mfululizo akilalamika kwamba amezibwa mdomo. Ijumaa anamtukana mtu, Jumatatu anasoma radhi aliyoandikiwa na wakili, Jumanne anasema hajamwomba mtu radhi. Alimwita daktari mmoja wa serikali mwalimu wa chekechea, kampuni ya magodoro ikaondoa matangazo yake, naye akasema hata hivyo magodoro yale yalikuwa yanamvunja mgongo, wakati mwaka mzima alikuwa anatuambia analalia hayo hayo kama mtoto mchanga. Alisema chanjo ni ya kondoo, na kwamba ugonjwa wenyewe unaondoka kwa vidonge vya kitunguu, vinavyouzwa na mdhamini wa kipindi chake. Mama Mutanu, mtu huyu ni mpuuzi, nalijua hilo. Lakini anavyosema! Anapanda, anashuka, ananyamaza kidogo, anarudi na moto, utadhani ni siku ya mwisho ya mkutano wa injili. Asubuhi moja nikachukua simu nikamtafsiri dakika nne, nikatuma kwenye group ya kanisa yenye watu mia moja na arobaini, nikaandika juu yake "Habari za leo" basi. Wakajibu "Amina", wakajibu "Barikiwa mtafsiri wetu, tulikukosa". Kesho yake nikatuma tena, na sasa ni wiki ya saba.

Sitakuficha kitu. Kuna siku alisema watu wa magharibi ya Sydney tuzungushiwe uzio, eti tunakaa kumi na wawili kwenye nyumba moja na hatusikii tunachoambiwa, na mimi nikalitafsiri hilo pia kwa moto uleule, mpaka binti yangu Ketsia wa miaka tisa akageuka kutoka kwenye darasa lake la kompyuta akaniambia, "Papa, that man is talking about us." Nikamwambia anyamaze, ninarekodi.

Sasa shida yenyewe. Mama mkwe wangu, Mama Cécile, anaishi nasi, ana miaka sitini na tisa, Kiingereza hajui, ana sukari na presha, na Yvette, ambaye anafanya kazi ya kutunza wazee, alihangaika mwezi mzima kumpatia nafasi ya chanjo kule Auburn, Alhamisi hii saa tano asubuhi. Jumapili mama akasema haendi. Yvette akamuuliza sababu. Akasema, "Mukwe wangu alisema, 'Mimi siwezi kuacha waweke ile kitu ndani ya damu yangu.' Nilimusikia na masikio yangu. Na ule si muntu wa uongo."

Na mimi, Mama Mutanu, nimechanjwa. Nilichanjwa mwezi uliopita, maana bila cheti mtu wa eneo letu haruhusiwi kwenda kazini. Anayejua ni Yvette peke yake. Nilimwambia, "Yvette, ile si maneno yangu, mi natafsiri tu." Akanijibu, "Sawa. Utatafsiri na ku mazishi."

Kumwambia mama mwenyewe siwezi. Wewe ni Mkenya lakini unajua mambo haya, kwetu mtu na mama mkwe wake hawaongei ovyo, akiingia jikoni mimi natoka, nikiwa sebuleni yeye anabaki chumbani, hata salamu tunapitisha kwa mtoto. Nitaanzaje kumsimulia habari za damu na sindano? Nimefikiria Pasta Lazare ampigie simu, au mimi nitafute daktari fulani redioni nimtafsiri naye, bila kueleza lolote, mama abadilike taratibu mwenyewe. Na ile group niifanyeje ili watu wasinicheke? Tafadhali jina langu usilitaje.

Mtafsiri, Merrylands

*

Ndugu Mtafsiri,

Jina lako sitalitaja. Umenitajia mkeo, binti yako, mama mkwe, mchungaji na mji unakofanyia kazi, kwa hiyo kufikia sasa Merrylands nzima inajua ni nani, lakini mimi sijalitaja.

Nimefika mwisho wa barua kama ulivyoomba. Sasa nakugombeza.

Kwanza pole, na naisema kwa moyo. Wengi wetu mwaka huu tumenyang'anywa ile kazi iliyotufanya tujione watu, na mara nyingi haikuwa ile ya mshahara. Ulikosa mimbari yako na watu wako, nakuelewa. Lakini mtu mwenye njaa haendi kula jalalani halafu akawapakulia na wageni!

Unaniambia mtafsiri haongezi wala hapunguzi. Haya, zile radhi za Jumatatu ulizitafsiri? Wiki saba, hata moja? Na jina la Croyle ulilitaja lini? Kanisani mhubiri anasimama pale pale, watu wanamwona kwa macho, wanajua "mimi" ni nani. Kwenye simu ulisimama peke yako. Mama Cécile hamjui huyo Croyle, na Kiingereza hajui. Alichosikia ni mkwe wake, mwanaume ambaye miaka yote hajamdanganya, akisema kwamba yeye hataki chanjo. Croyle hana nguvu yoyote juu ya mama huyu. Nguvu ulikuwa nayo wewe, ukamwazima mtu anayetaka kukuzungushia uzio.

Tena ulikuwa umeshachanjwa, na ukaendelea kutuma. Hapo ndugu yangu nimeiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Pasta Lazare mwache apumzike, yeye hakurekodi kitu. Na hiyo ya kutafuta daktari wa kumtafsiri kimyakimya ni woga uleule umebadilisha shati. Adabu ya mkwe naiheshimu, hata kwetu Ukambani ipo. Iliwekwa ili mama asivunjiwe heshima. Haikuwekwa ili mkwe apate pa kujificha. Na usinichekeshe: wiki saba umekuwa ukiingia chumbani kwa mama mkwe kila asubuhi kwa njia ya simu, ukimhubiria habari za damu, na adabu hukuikumbuka hata siku moja.

Fanya hivi, na ufanye leo. Mwombe Yvette akae na mama chumbani. Wewe simama mlangoni, usiingie, macho chini kama inavyopasa, useme: "Mama, maneno yale yalikuwa ya mtu mwingine, nami nilijua si ya kweli. Mimi nimechanjwa mwezi uliopita nikakuficha. Nisamehe." Usianze kumweleza Croyle ni nani. Usimweleze kazi ya mtafsiri. Akinyamaza, nyamaza nawe, usiondoke mpaka akuruhusu.

Ukitoka hapo, rekodi sauti moja kwa ile group, fupi, kwa jina lako kamili, useme hayo hayo. Watakucheka, ndiyo. Wacheke tu, ilimradi wawe hai. Halafu chukua simu umpigie kila mzee aliyekujibu "Amina", mmoja mmoja, umuulize kama naye aliacha kwenda kwa sababu yako. Hiyo orodha ni yako, usimpe Yvette.

Alhamisi mpeleke mama wewe mwenyewe. Nesi ataongea Kiingereza, na mama atahitaji mtu wa kumweleza kila kitu kabla ya sindano, maswali yake yote na majibu yote, hata yale ya kuogopesha. Ukilijua jibu usilipambe, usipolijua muulize nesi.

Na inawezekana baada ya yote haya mama akakwambia bado haendi. Jiandae kwa hilo, maana aliyekuamini kwa moyo wote hageuki kwa siku moja. Basi tafuta nafasi nyingine, urudi mlangoni kesho yake, na kesho kutwa. Ila yeye ana miaka sitini na tisa na ana sukari, na ugonjwa uko mtaani kwenu. Hana siku za kukusubiri upate ujasiri. Gazeti liweke chini, nenda kabishe hodi.

Mama Mutanu