Nilimcheka Kifaru

Mbona hupokei simu? Basi soma tu.

Leo karakanani mafundi wamebishana asubuhi nzima ni nani mwanamieleka bora wa wakati wote. Nikaropoka, "Msimsahau Kifaru." Sikusema kwamba ni baba yangu. Nina wiki mbili tu pale, niliogopa kuchekwa.

Fundi mkuu akatafuta video ya Kifaru kwenye simu. Unaijua ile, ambayo anabebwa juujuu na kubwagwa mara tatu. Akasema, "Huyu alikuwa analipwa ili aanguke. Gunia tu hili." Wakavunjika mbavu.

Na mimi nikacheka. Nimecheka, ndugu yangu, tena kwa sauti. Nikaongeza, "Kweli, gunia."

Kugeuka, mzee yuko mlangoni. Mkononi ana miwani yangu niliyoisahau nyumbani.

Fundi mkuu hamjui. Akamwambia, "Karibu mzee. Hebu tuamulie, nani bora kuliko wote?"

Baba akaitia ile miwani mfukoni, taratibu. "Mieleka sikuwahi kuifuatilia, wanangu." Akauliza bei ya stuli, akashukuru, akaenda zake. Hakunitazama hata mara moja.

Nilikuwa na nafasi ya kusema huyu ndiye Kifaru, huyu ndiye baba yangu. Nikainama nikaendelea kupiga randa.

Sasa hivi niko nje ya mlango wetu, ufunguo mkononi, nashindwa kuingia. Ndani, Mama amemuuliza Baba kama miwani imenifikia.

Namsikia anamjibu, "Sikumkuta."