Imehakikiwa Leo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi. Vidole vimeganda kwenye kibodi. Umeme hapa Mbulu umerudi saa nne, na Mratibu akaingia nao mlangoni, mkononi ana orodha.

Mzee Onesphory, mratibu wetu wa Umoja wa Macho, anataka tarehe ya kambi ya upasuaji wa macho ionekane kwenye kurasa zote kumi na sita za tovuti. Kila kijiji kina ukurasa wake, kuanzia Yaeda Chini hadi kwetu Endasak. Ijumaa tarehe 22, Katesh. Sawa. Na mahali pa kukutania. Sawa. Na mgonjwa abebe nini. Sawa. Halafu akasema, kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja, kwamba tarehe inaweza kubadilika.

Inaweza kubadilika! Mara kumi na sita!

Nimeanza na Endasak kwa sababu ni nyumbani. Nimeandika yote kwa mkono, tarehe kwa herufi nzito, nikaongeza mstari kwamba mzee aje na mtu wa kumshika mkono. Nilikuwa namwandikia Mama, kwa nini nijifiche. Mtoto wa jicho ameshamaliza jicho la kulia, sasa la kushoto linafuata. Mwezi wa sita nilipokwenda alinipokea kama mgeni – karibu mama, pita, kaa – mpaka nilipofungua mdomo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mwaka jana alikosa kambi kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe ya uongo. Madaktari wanakuja mara moja kwa mwaka. Mwaka huu hakosi.

Alhamisi, 7 Agosti

Hizo kumi na tano zilizobaki siandiki kwa mkono. Nimegoma.

Nimekumbuka jambo la chuoni. Unaandika faili moja dogo, nimeliita ratiba.html. Kwenye kila ukurasa unaweka mstari mmoja tu wa kuliita, na seva yenyewe inalichomeka mahali pake kabla ya kumpelekea msomaji. Siku ukibadilisha lile faili moja, kurasa zote zimebadilika. Nimemweleza Mratibu: ni kama tangazo la parokia, padre anaandika moja, vigango vyote vinasoma lile lile. Akasema vizuri sana. Akauliza kama nimemaliza.

Sijamaliza! Ukurasa unatoka mtupu. Hakuna onyo, hakuna kosa, hakuna ratiba. Afadhali ningetukanwa kwa maandishi mekundu, ningejua pa kuanzia.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana Nane Nane, watu wamepumzika, wamekula nyama. Mimi nilikuwa na ukurasa mtupu.

Leo nimelipata. Nafasi. Nafasi MOJA! Nilikuwa naandika <!-- #include badala ya <!--#include. Kwa kale kapengo seva ikadhani najisemea mwenyewe, ikaheshimu faragha yangu, ikanyamaza. Siku mbili za maisha yangu! Na si hilo tu. Majina ya kurasa lazima yaishie .shtml, la sivyo seva haijisumbui hata kuchungulia ndani.

Lakini imekubali. Nimeweka mstari kwenye ukurasa mmoja, nikafungua: ratiba hiyo hapo. Wa pili, hiyo hapo. Nimecheka peke yangu ofisini hadi mama anayefagia akaja kuchungulia.

Endasak nimeuacha. Tarehe yake iko sawa tayari. Nimebadilisha jina tu, ya ndani nitayarudia Jumatatu.

Jumanne, 12 Agosti

Jumatatu imepita kwenye kikao. Kikao cha kupanga kikao.

Leo Mratibu ana jipya. Wale wanaotuletea madaktari wamesema tovuti yetu inaonekana imekufa. Anataka chini ya kila ukurasa isomeke "Imehakikiwa leo", na tarehe ya siku hiyo. Kila siku. Nikauliza, na atakayehakiki kila siku ni nani? Akasema, kompyuta.

Ningebisha. Sikubisha, kwa sababu nilikuwa najua njia, na mtu akijua njia huwa anataka kuonyesha. Seva inaweza kuandika tarehe yenyewe. Nimetengeneza faili jingine, chini.shtml, nikalichomeka kwenye kurasa zote kumi na sita, Endasak na wenyewe. Kwanza ikatoka kwa Kiingereza, "Tuesday", Mratibu akanuna. Nikabadilisha mpangilio. Sasa inasema: Imehakikiwa leo, 12/08/2025. Kesho itasema 13. Keshokutwa 14. Hata nikifa itaendelea kuhakiki.

Mratibu amefurahi mno. Amesema sasa ule usemi wetu umekamilika. Kwenye mafunzo ya watendaji wa vijiji mwezi uliopita tuliwaambia: msiamini simu, msiamini WhatsApp, aminini tovuti. "Usemi wetu" anavyosema yeye. Niliuandika mimi.

Alhamisi, 14 Agosti

Tarehe imebadilika! Nilijua! Timu ya madaktari ina safari nyingine, wanatuwahi. Si Ijumaa tena. Jumatano tarehe 20.

Mratibu aliingia ameshika kichwa. Nikamwambia kaa. Nikafungua ratiba.html, nikafuta, nikaandika, nikahifadhi. Yaeda Chini – Jumatano! Dongobesh – Jumatano! Endagikot – Jumatano! Akapiga makofi. Nami nilijisikia mtu, sitaki kusema uongo. Nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Mama hapatikani. Chaji, kama kawaida. Haina shida, mzee Tadei atawasomea. Huyu mtendaji wetu wa kijiji hakosi: kila asubuhi anafungua ukurasa kwenye simu, na akishuka Katesh anaupitisha kwa Shamimu wa stationery auchapishe. Anaugonga muhuri wa kijiji, anaubandika mlangoni pa ofisi. Kwetu karatasi ikishagongwa muhuri ni Injili.

Jumatatu, 18 Agosti

Mama amepiga kwa simu ya kaka Ignasi. Nilikuwa naandika majina ya wagonjwa, Mratibu amesimama mgongoni. Nikamuuliza, Mama uko tayari kwa kambi? Akasema yuko tayari, Ignasi atamshika mkono, yeye namba kumi na moja. Nikamuuliza, siku unaijua? Akasema anaijua, wamesomewa kanisani, karatasi iko mlangoni na muhuri wake. Nikasema haya Mama, nina kazi, tutaonana.

Jumatano, 20 Agosti

Saa nne na robo asubuhi. Mratibu amepiga kutoka Katesh. Yaeda Chini wamefika tangu alfajiri, wamekuja na lori, vumbi mpaka kwenye kope. Dongobesh wamefika. Endagikot wamefika. Vijiji kumi na tano. Anauliza, watu wa kwenu wako wapi? Wao ndio wa karibu!

Nikafungua ukurasa wa Endasak.

Ijumaa, tarehe 22. Herufi nzito. Maneno yangu. Na chini yake: Imehakikiwa leo, 20/08/2025.

Mjinga mimi! Mjinga, mjinga, mjinga! Sikuurudia. Kurasa kumi na tano zinasoma ratiba.html, na wa kumi na sita – wa mama yangu mzazi! – unasoma nilichoandika kwa mkono tarehe nne. Na kila asubuhi seva inaapa kwa niaba yangu kwamba nimeukagua.

Nikampigia Tadei. Shikamoo, marahaba, habari za Mbulu, nzuri, na hiyo baridi, kali, wa huko hawajambo. Hata nyumba iwe inaungua, kwetu lazima umalize salamu! Nikamwambia kambi ni leo, sasa hivi. Akasema hapana binti yangu, ni keshokutwa, ameangalia asubuhi hii hii na imehakikiwa. Nikasema tovuti imekosea, mimi ndiye niliyeiandika. Akasema ninyi wenyewe mlitufundisha tusiamini simu.

Nikaurekebisha ukurasa yeye akiwa hewani. Dakika mbili! Kazi ya dakika mbili, nimeiacha siku kumi na moja! Nikamwomba aufungue upya kwenye simu yake ya pili. Nikamsikia anasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma kanisani: Jumatano, tarehe ishirini, imehakikiwa leo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Binti yangu, ya Ijumaa imehakikiwa leo. Ya Jumatano nayo imehakikiwa leo. Nichukue ipi?"

Akasema nimtumie barua yenye muhuri, hata picha yake. Muhuri wa Umoja uko kwenye begi la Mratibu, na Mratibu yuko Katesh, na simu yake sasa inaita tu! Nikaanza kulia kwenye simu, mtu mzima. Nikasema, mzee Tadei, namba kumi na moja kwenye orodha yako ni Fransiska, mama yangu. Akikosa na mwaka huu, hatakuja kuniona tena.

Akasema, "Ungeanza na hilo." Akakata.

Saa sita na nusu. Tadei amegonga kengele ya kanisa. Wagonjwa ishirini na watatu, wametawanyika mlimani, na wa kuwashika mkono wako mashambani wanavuna mahindi. Gari halipandi kule juu. Amepata pikipiki tatu, zinawashusha toka ofisi ya kijiji hadi barabara ya lami, na gari la Umoja, ambalo dereva wake nimempigia, linawasubiri pale. Litaondoka saa tisa kamili, maana daktari anafunga vifaa saa kumi na jioni hii wanasafiri.

Hatimaye Mratibu amepokea. Nimemwomba gari lisubiri zaidi. Amesema haiwezekani, waliomo ndani nao watakosa. Halafu akaniuliza – yeye! – mbona chini pameandikwa imehakikiwa?

Nikafungua chini.shtml, nikafuta kila kitu. Kurasa kumi na sita zikanyamaza kwa mpigo. Inafanya kazi vizuri sana hii teknolojia.

Saa nane na robo. Wameshuka kumi na wanne. Nikamuuliza Tadei, Mama je? Akasema yupo hapa, kwenye benchi, kapisha. Kapisha nani? Kapisha wale wasioona kabisa. Nikamwambia anipe niongee naye.

Mama ametulia kama yuko ibadani. Amesema wengine wameanza kukusanyika kabla yake, na yeye bado anaona mwanga wa mlango. Watangulie. Nikamwambia Mama panda, panda sasa hivi! Nilimpigia kelele mama yangu, Mungu anisamehe. Akasema usinipigie kelele Judica, nitapandaje mbele ya wenzangu wakati kosa ni la mwanangu.

Tadei kumbe amewaambia. Wote kwenye benchi wanajua ni mimi.

Nikasema, Mama, mimi ndiye nilikosea, si wewe. Akasema najua, ndiyo maana nimekaa.

Saa nane na nusu. Kumi na saba.

Saa nane na dakika arobaini. Kumi na tisa. Ignasi amefika kutoka shambani, anambembeleza. Pikipiki moja imepata pancha njiani.

Saa tisa kasoro kumi. Tadei amepiga mwenyewe. Pikipiki moja imepanda tena, ina nafasi moja, na dereva anasema ndiyo ya mwisho itakayowahi gari. Nikasema mzee Tadei, nakuomba, mbebe umkalishe. Akasema amemkalisha. Nikasikia injini inawaka, nikasikia watu wanasema kwaheri, nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

Halafu Tadei akasema ngoja. Akasema mama yako ameshuka. Amempandisha mzee Gidamis asiyeona kabisa, amemfunika shuka lake mabegani, na amerudi kukaa kwenye benchi.