Kumgeuza Salu

Bariadi, 11 Julai 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mayu, mama yetu, mko salama huko Kimali, na ng'ombe bado wanapata majani. Mimi mwili ni mzima. Barua hii nimempa Thomasi dereva aifikishe mkononi mwako, maana posta ingechelewa.

Jumamosi Salu alianguka kutoka juu ya lori la pamba. Hawa wanunuzi wapya wanagombania mizigo, malori yanajazwa mpaka yanayumba, na vijana wanapanda juu kabisa. Alifikia kichwa. Alipoletwa wodini nilikuwa zamu. Nilishaanza kumkata shati kwa mkasi ndipo nikajua ni mdogo wangu.

Hajafumbua macho. Daktari anasema ubongo umevimba. Kazi yetu wauguzi ni kumtunza mpaka uvimbe upungue: kichwa kiinuliwe kidogo, alishwe kwa mpira unaopita puani, ageuzwe kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoke vidonda. Msianze kumlilia kama marehemu.

Mwanao,
Scola


Kimali, 19 Julai 1995

Mwanangu Scola,

Mwangaluka. Huku tunapumua, ila mama yako hali chakula. Barua nimemsomea mara mbili.

Wazee wamekaa. Mdogo wangu Bundala, baba yako mdogo, anasema mtu aliyelala siku kumi na moja bila kufumbua macho ameshaondoka, na nyie mnageuza mwili tu. Mganga yuko tayari, na akishindwa, Salu azikwe alikozaliwa. Tutafika Ijumaa ya wiki ijayo, mimi na Bundala. Andaa karatasi za kumtoa. Sikuombi, nakuagiza.

Baba yako,
Mwandu


Bariadi, 22 Julai 1995

Baba,

Shikamoo. Mpe pole mayu, mwambie ale.

Karatasi siandai. Hata daktari akizitoa, mtanikuta mlangoni, na sitapisha. Jana nilimfinya kidole, akavuta mkono. Juzi hakuvuta. Hilo kikao cha wazee hakikuliona, mimi nimeliona.

Karibuni mje kumwona. Lakini msimtie kitu chochote kinywani. Hawezi kumeza, maziwa yataingia mapafuni na yatamuua.

Mwanao,
Scola


Kimali, 3 Oktoba 1995

Mwanangu Scola,

Mwadila. Tumefika salama, Salu naye kavumilia safari. Mama yako amemshika uso mpaka akachoka kushikwa.

Kuna neno sikulisema wiki zote zile nilizolala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, mpaka akafumbua macho na kuruhusiwa. Siku ile tulipofika, Bundala alitoa kibuyu cha maziwa akamfungua Salu mdomo. Ulimpokonya mbele ya wodi nzima. Nilinyanyua mkono nikupige. Ukaniambia, "Nipige, Baba. Ukimaliza umshike mabega, saa ya kumgeuza imefika."

Nilimshika mabega. Alikuwa na joto. Nilikuja kuchukua maiti, Scola, na maiti haina joto lile. Bundala akaondoka peke yake.

Nisamehe ule mkono.

Baba yako,
Mwandu


Bariadi, 10 Desemba 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mayu hajambo? Mimi sijambo, zamu tu ndizo nyingi, na siku hizi hata glovu jamaa wa mgonjwa wanatumwa kuzinunua dukani.

Ule mkono nilishausahau. Kinachoninyima raha ni alichonieleza Thomasi: kwamba Salu amevunja chungu, amemrukia jirani, na Bundala anataka afungwe kamba mpaka mapepo yatoke. Baba, hayo si mapepo. Kichwa kilichoumia namna ile hasira hukaa karibu, maneno hukaa mbali. Mtu hukasirika kwa sababu anajua anachotaka kusema na hakiji.

Wewe umri umekwenda. Jumapili nakuja kumchukua, nitaishi naye chumbani kwangu.

Mwanao,
Scola


Kimali, 14 Desemba 1995

Mwanangu Scola,

Mwangaluka. Mama yako anakula vizuri. Mvua imenyesha, tunapanda.

Humchukui Salu. Ukiwa zamu atabaki na nani, ukuta? Hapa kuna mimi. Nimejua kelele za watu wengi ndizo zinazomwasha, basi wageni nawapokea nje ya boma. Namwambia jambo moja, halafu nasubiri. Akisahau nasema tena, kwa sauti ileile. Hayo hukunifundisha, nimeyaona mwenyewe kwa kumkalia karibu.

Ni kweli Bundala alikuja na kamba, na wazee watatu nyuma yake. Niliketi kizingitini. Nikamwambia akalete kamba ya pili, maana ataanza kunifunga mimi. Wakasimama pale mpaka jua likawachoka. Mzee mmoja akasema, "Mwandu naye amepatwa." Nikamjibu, "Ndiyo, nimepatwa na mtoto aliye hai." Wakaenda zao. Sasa hawanisalimii kisimani. Wasinisalimie.

Leo asubuhi Salu alitaka jembe. Neno likagoma, akapiga ukuta, ngumi ikatoka damu. Nilingoja. Alitetemeka midomo muda mrefu, kisha akasema, "Igembe." Alilisema Kisukuma, kama alivyolisema akiwa mtoto. Nikampa. Amelima mstari mmoja, umepinda vibaya, na mama yako ameupanda mahindi hivyohivyo ulivyopinda.

Njoo Krismasi utusalimie. Kitanda chako kipo.

Baba yenu,
Mwandu