Injini Yako Iko Mezani kwa Fundi Were

Baba Achieng',

Sijui kama huko uliko mnasoma. Nakuandikia kwa sababu nikisimama kaburini nikaanza kusema yaliyo moyoni, mama yako atanisikia kutoka jikoni kwake, na yeye hana kosa.

Injini ya gari lako imetolewa. Iko Migori, mezani kwa Fundi Were, imefunguliwa yote, na vipande vyake nimeviosha kwa mafuta ya taa kwa mikono yangu hii. Usifurahi. Sikufanya hivyo kwa ajili yako.

Unajua nililichukia gari lile tangu siku ulipolileta kutoka Macalder, ulikolinunua kwa mzee aliyeachiwa na Mzungu wa machimbo. Jekundu, la viti viwili, halina hata pa kuweka gunia. Tulikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni, na wewe ukaleta gari la viti viwili. Ukaliita Nyar Macalder, binti wa Macalder, ukalipangusa kila Jumamosi kwa fulana ambazo mimi ndiye niliyezifua. Jumapili tulikwenda kanisani kwa miguu. Ukitupita njiani ulipunguza mwendo ili vumbi lisitushike. Ulidhani huo ni upendo.

Na uchungu uliponishika, ukasema barabara ya Lambwe imeharibiwa na mvua, mawe yatachuna tumbo la gari. Tumbo la gari, Baba Achieng'. Nilikuwa nimelala mkekani nashika langu. Ukaenda kumwomba jirani mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto hakungoja hospitali. Ndiyo maana anaitwa Oyoo, aliyezaliwa njiani. Watu wanaona ni jina zuri. Mimi nikimwita aje kula nakukumbuka, kila siku, hata siku ambazo sitaki.

Basi sikia yaliyotokea baada yako.

Matanga hayajaisha vizuri, ndugu yako Okoth akaja. Akaketi kwenye kiti chako bila kuulizwa. "Shemeji," akasema, "nimekuja kwa mambo ya nyumba hii. Wewe na gari, vyote ni vya ndugu yangu." Alitaka kunirithi mimi na kulikokota gari siku moja, kama mtu anayebeba viti baada ya sherehe. Nikamwambia mimi si kitu, na gari ni la watoto. Akacheka. "Kama ni lenu, liwashe tuone."

Alijua haliwaki. Lilikuwa chini ya turubai tangu siku lori lilipolirudisha likiwa limefungwa kamba, na wewe ukatuambia bomba la maji lilikatika ghafla njiani, injini ikafa papo hapo, hukuwa na la kufanya. Nilikuhurumia siku ile. Nilikukandia miguu. Mvua zilizofuata homa ikakupanda kichwani, ukatuacha.

Baba yenu mdogo, mzee wa ukoo, Jaduong' Ogola, ndiye aliyeamua. Alisema gari likiwa bado linaoza pale mahindi yakivunwa, Okoth alichukue. Likitengenezwa, libaki kwa wenye nyumba. Kuhusu mimi hakusema neno. Nami nilijiambia kwamba mimi sitawekewa muda wa mahindi na mtu yeyote.

Nikauza ng'ombe, nikamtafuta Fundi Were. Ni mtu wa maneno machache, anavuta pumzi puani kabla ya kujibu. Kila mtu pale gereji alinishauri niweke injini ya pikapu, wanasema inaingia ukikata chuma kidogo mbele. Nilitaka hivyo. Nilitaka sana. Nilifurahi kuwaza Nyar Macalder wako akikohoa kama gari la kubeba mkaa. Lakini Were akaniuliza kama huyo shemeji yangu ni mtu wa maneno. Nikasema ndiyo. "Basi turudishe ileile," akasema, "asije akadai hili si gari la ndugu yake tena." Tukapanga hivyo. Silinda zikapanuliwe Kisumu, kwa sababu Migori hakuna mashine hiyo. Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, isuguliwe. Pistoni ziwe kubwa kidogo kuliko za zamani, zijaze pale palipolika. Bwana Salim, yule wa duka la spea karibu na msikiti, amemwandikia binamu yake Mombasa azitafute, maana magari haya sasa hayana spea popote.

Siku Were alipoinua kichwa cha injini nilikuwa nimesimama kando yake. Gasketi, ile bamba nyembamba ya kuziba chini yake, ilikuwa imeungua kati ya silinda mbili, nyeusi kama ukoko wa ugali. Akachomoa pistoni moja, akanipa niishike. Ubavu wake wote ulikuwa na mikwaruzo mirefu, kama kitu kilichoparurwa na paka. Akavuta pumzi.

"Mama, hii haikufa ghafla. Iliendeshwa ikiwa imechemka, mwendo mrefu. Ilikuwa inalia na mtu anaisikia."

Nikamwambia amekosea. Nilikutetea, unaona? Hata pale bado nilikutetea.

Nilikwenda kumuuliza Okoth, kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyekaa kile kiti cha pili. Hakuficha hata kidogo. Alisema mvuke ulianza kutoka mkiwa bado mnakatiza soko la Ogwedhi, siku ya mnada, wafugaji na wanunuzi wote wamesimama wanatazama gari jekundu. Alikwambia usimame. Ukamwambia huwezi kufungua boneti mbele ya watu wale, tutafika. Hata mlipokwisha kulipita soko hukusimama, kwa kuwa pikipiki mbili zilikuwa zinakufuata kulishangilia gari. Ukaenda, na mshale wa joto umelala mwisho, hadi likakwama lenyewe.

Nilirudi gerejini nikakaa juu ya tairi nikalia. Were alidhani ninakulilia. Akaenda kuninunulia soda.

Nilikuwa nalia kwa hasira, na nitakueleza ni ya nini, kwa maana hukuwahi kuniuliza. Miaka yote ile nilidhani nimeshindwa na gari. Nilijiambia, sawa, mume wangu ana moyo mmoja na ameutoa kule, wanawake wengine wanashindwa na pombe. Nilikuwa nimekubali. Kumbe hata lile gari hukulipenda. Lilikulilia, ukalisikia, ukatazama watu. Ulipenda kutazamwa tu. Mimi na mkokoteni, na Nyar Macalder na moshi wake, tulikuwa tumekaa upande mmoja na sikujua.

Tangu siku hiyo sijalichukia tena. Hasira yote imekuja kwako.

Okoth alikuja na lori mahindi yalipovunwa, kama ilivyoamuliwa. Jaduong' Ogola alikuwepo. Walifunua turubai, wakafungua boneti, wakakuta shimo. Okoth akauliza injini iko wapi. Nikasema iko Migori, na kiwiliwili chake kiko Kisumu kinapanuliwa matundu.

"Gari bila injini ni bati," akasema.

"Sasa bati utalipeleka wapi na lori?" nikamuuliza.

Jaduong' alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba kitu kinachotengenezwa hakijaachwa, na mwanamke anayetengeneza pia hajaachwa, kwa hiyo Okoth arudi kwake. Dereva akageuza. Okoth hajanijia tena kwa gari wala kwa kunirithi. Hanisalimii, na mimi silali njaa kwa hilo.

Pistoni zimefika juzi, zimefungwa kwa gazeti na mafuta mazito. Were anasema tukishafunga kila kitu, injini mpya huendeshwa polepole mwanzoni, isibanwe. Ananifundisha kuendesha kwa gari lake bovu nyuma ya gereji. Bado nalizima, lakini silizimi sana.

Lala, Baba Achieng'. Nakuaga kwa adabu, kwa sababu ya watoto. Na ahadi yangu ni hii: siku litakapowaka nitakwenda nalo Homa Bay, nipite hapo ulipozikwa bila kupiga honi. Jioni nitarudi na samaki, ngege wabichi kutoka ziwani, wale wakubwa, nimewalaza kwenye kiti cha pili cha gari ulilolipangusa, bila kuwafunika.

Mimi,
Mama Achieng'