Swali Nililouliza Mbele ya Mbuzi

Alhamisi. Upepo na vumbi, mvua hakuna.

Mi niko na miaka sabini na sita. Nimezika bibi yangu wa ndoa, ndugu wanne na wapasta watatu. Nimepita vita mbili kule Bukavu, nimepita kolera, nimepita miaka kumi na saba ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi. Masomo nilikomea la tatu primeri, lakini Biblia nimeimaliza mara tisa, na hapa ninaandika mwenyewe, kidole kimoja. Musicheke makosa.

Leo niko na woga. Hilo neno sijaliandikaga.

Wenye hawajui desturi ya bloku yetu, basikie. Mtu akikufa, kila nyumba inachanga, mbuzi anatoka soko ya Mponela amefungwa nyuma ya kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, na anayemchinja ni Baba Zaituni, Mwislamu wa Burundi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Hata marehemu akiwa mlokole wa kufunga siku arobaini. Baba Zaituni anageuza kichwa cha mbuzi upande wa kaskazini, anataja Mungu, anakata mara moja. Halafu bantu bote banakula sufuria moja. Miaka yote hakuna aliyeuliza kitu.

Mi ndo niliuliza.

Wiki iliyopita nilishuka Lilongwe, soko ya Tsoka, kutafuta vitambaa, juu mi ni fundi cherehani, na hapa kambini hakuna wa kunifikia. Kando ya soko kulikuwa mhubiri na mikro ya kupaza sauti. Alieleza vita vya zamani vya Yerusalemu, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, nani alimfukuza nani, nani alichoma nyumba ya Mungu ya nani, kama vile ni jana na yeye alikuwepo. Akasema ugomvi wote ulianzia kwa yule mtoto Abrahamu alimlaza juu ya kuni: Isaka, ao Ismaili. Nilirudi nimejaa kama soda iliyotikiswa.

Jumatatu tulikuwa kwenye kilio cha mume wa Mama Neema. Baba Zaituni ameshainama, kisu mkononi. Nikasimama, nikamwambia aseme kwanza mbele ya bote: juu ya zile kuni alikuwa mtoto gani? Jibu lake nililijua: Ismaili. Nilitaka tu bantu basikie vile nitamjibu. Nilikuwa na mistari kumi na miwili kichwani.

Papa Simeoni, ule anashika Sabato, anavaa kofia ndogo na kusema yeye ni Myahudi, akajibu kwa nyuma: "Nyinyi bote muko munagombania mtoto wetu."

Walicheka. Baba Zaituni hakucheka. Aliweka kisu chini, polepole, akaenda kwake.

Basi nikachinja mi mwenyewe. Nilichinja vibaya, mbuzi alilia sana. Waislamu waliondoka bila kula. Papa Simeoni naye alikataa, eti damu haikutoka sawasawa. Mama Neema akabaki ameshika sahani za wageni, hajui ampe nani.

Jumanne, pale pompi ya maji, bidoni zilikuwa mistari miwili, za Wakristo huku, za Waislamu kule. Hakuna aliyeamuru. Jana nilisikia batoto ba shule banaulizana njiani, Isaka ao Ismaili, mawe tayari mkononi.

Leo asubuhi mlango wa Baba Zaituni ulikuwa umechorwa msalaba kwa mkaa.

Mi ninajua milango iliyochorwa. Niliiona Bukavu. Mmoja anachora, halafu wengine wanakuja kusoma.

Nilichukua maji na kitambaa, nikaanza kufuta. Mkristo wa miaka sabini na sita, ninafuta msalaba. Baba Zaituni akafungua.

"Mzee Mirindi," alisema, "uliniuliza nikiwa na kisu mkononi, bantu bamesimama mgongoni. Mi nilishaulizwaga hivyo, kule kwetu. Tuliulizwa wengi. Tulioweza kukimbia ni wachache."

Nikamaliza kufuta.

Nikamwomba arudi achinje. Akasema atarudi, siku nitakaposimama pompi, bantu bakiwepo, na kusema nilikosa. Si juu ya Isaka. Juu ya kuuliza.

Isaka simwachi. Hapo hata malaika hawatanisogeza. Lakini lile lingine...

Kesho, bidoni zikianza kufika, nitasimama katikati ya mistari miwili. Sijawahi kuomba msamaha mbele ya bantu. Bibi yangu alikufa akingojea. Sijui kama mdomo utafunguka. Sijui pia kama bado iko mapema.

Mwenye kusema ninaongopa amuulize Mama Neema, alikuwepo, kilio kilikuwa chake. Amuulize Papa Simeoni, ingawa huyo ataongeza chumvi. Na amuulize Baba Zaituni, kama atamkuta bado.