Kwa Lako Wetu, Aliyeacha Bangi Akakutwa na Sukari

Lako, mume wangu, wiki tuliyokuzika jirani yetu Penina aliniuliza kwenye ua, "Mama Annet, kwani ile bangi ya Kampala ndiyo iliyomletea sukari?" Leo mwaka umezunguka tangu utuache, na swali lile bado linakaa nasi chini ya rakuba, kibanda chetu cha nyasi, kwenye kivuli ulichopenda kunywea chai.

Hukuficha maisha yako. Kila mwaka ulisimama kanisani ukatoa ushuhuda: ulivyovuta bangi na kutafuna mairungi ukimbizini Kampala, na Bwana alivyokutoa huko. Ulitengeneza jenereta za hoteli za mtaa wa Thongpiny, ila ya zahanati ikizima uliziacha hoteli zote. Jioni ulivua viatu nikukague miguu kama ina vidonda, nawe ukinitania kwa jina la mtaa wetu, "Daktari wa Hai Cinema, umeona nini?"

Lakini mdogo wako Duku aliusikia ushuhuda wako akajiona salama. "Sukari ya kaka ilikuwa ya bangi," huwaambia watu. "Mimi sijavuta hata sigara. Nipimwe nini?" Na huku anamaliza jagi zima la maji, suruali inamvuka kwa kukonda. Ungemwona ungeshtuka. Ndivyo ulivyoanza wewe.

Nilimuuliza daktari. Akasema, "Mama, dawa za kulevya zinaweza kuvuruga sukari mwilini, na pombe nyingi huumiza kongosho. Lakini niseme kwa hakika kwamba ni bangi ya zamani, siwezi. Kwao kuna mwingine mwenye sukari?" Nikamtaja mama yenu, ambaye hakuonja hata pombe, na bado alikatwa mguu. "Basi ndugu na watoto wapimwe wote." Annet na Lilly wamepimwa, wako salama, Mungu asifiwe.

Jumapili, baada ya maombi ya kukukumbuka, nilimpa Duku chai isiyo na sukari. Akaonja, akakunja uso.

"Shemeji, chai ya wagonjwa hii?"

Watu wakacheka.

"Ni chai ya kaka yako," nikasema. "Mungu alishamsamehe bangi yake, hakumpiga kwa sukari. Na wewe hakukuahidi kwamba haitakupata kwa sababu hukuvuta. Mama yenu alivuta nini, Duku?"

Penina aliinamisha kichwa. Nilikuwa naomba moyoni, Lako, nisije nikamkagua na yeye miguu, kisha nikamzika.

Hakuna siku tutakayokusahau sisi: Ketty mjane wako, Annet na Lilly binti zako, na Duku mdogo wako, aliyeinywa chai ile yote hadi mwisho, akachukua kofia yake, akashika njia ya zahanati.